Sisomi Mbele

Anayewasomea wenzake riwaya ya upelelezi kwa sauti ana sharti moja kubwa: asisome mbele. Akishajua nani kaua, sauti yake itasema kabla ya kitabu kusema. Ataharakisha pasipo na kitu, atapunguza mwendo penye ushahidi, na jina la muuaji litamtoka kwa uzito ambao majina mengine hayana. Wazee ambao macho yamewapungua, na masikio ndiyo yanayofanya kazi zote mbili, watalidaka hilo papo hapo.

Kwa hiyo mimi sisomi mbele. Kitabu kinakaa kwenye kabati la sebuleni, kimefungwa kwa mpira, na kipande cha karatasi kimechomekwa mahali tulipoishia. Ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, na tumefika nusu. Nayaandika haya sasa, kabla hatujaendelea, kwa sababu najua tukishamaliza sitaweza kuyakumbuka yalivyokuwa. Siku jina la muuaji linapotajwa, kila kitu ulichokiona njiani kinageuka sura, na zile shaka zote zilizokukosesha usingizi zinaonekana kama hazikuwahi kuwepo. Nami nazitaka zile shaka. Ndizo zilizotukutanisha.

Tunasomea nyumbani kwangu Sib, upande wa Al Hail, baada ya sala ya isha. Sib ya leo ni mji wa magari mengi na maduka makubwa, lakini ukienda sokoni, kule karibu na bahari wanakouza samaki na halwa, ukisimama kidogo utasikia Kiswahili, cha Unguja na cha Pemba, na cha bara pia. Wengi wetu tulikuja baada ya Julai 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi. Wako waliotoka visiwani baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wako waliotokea Mombasa, wako wa Burundi, Rwanda na Kongo. Mimi nilitokea Dar es Salaam, nikasomesha hapa mpaka nikastaafu. Sasa wanafunzi wangu ni wazee kuliko mimi.

Wa kudumu ni wanne. Shangazi yangu, mzaliwa wa Bumbwini, ambaye ameshapindukia themanini na macho yake yameharibiwa na sukari. Mamdogo wangu, Mpemba wa Wete. Jirani yetu mmoja aliyekulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambaye Kiswahili chake kina lafudhi nyingine kabisa na sisi tunakipenda hivyo hivyo. Na mjukuu wangu wa kiume, mwenye miaka kumi na tatu, ambaye alianza kwa kupitapita akijidai anatafuta chaja ya simu, akaishia kukaa chini.

Nakala yenyewe binti yangu aliinunua Unguja. Hapa Muscat tuna Maonyesho ya Vitabu kila mwaka, karibu na uwanja wa ndege, na ukienda utamkuta Agatha Christie kwa Kiarabu amepangwa safu kwa safu, vijana wakimnunua kwa mafungu. Vya Kiswahili vinatufikia ndani ya mabegi ya wasafiri, pamoja na mdalasini na karafuu.

Nilichokuwa nakijua juu ya Abdulla, kabla ya kuanza, kilikuwa kidogo. Shuleni Dar es Salaam tulisoma Kisima cha Giningi, kilichotoka 1968, nami nilikuwa mdogo mno, nilichokumbuka ni woga tu. Kaka zangu walikuwa watu wa Willy Gamba wa Elvis Musiba, wa mbio na bastola, tangu Kufa na Kupona kilipotoka 1974. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, walimwona mzee. Mtu wa kiko na maneno mengi, asiyempiga mtu hata kofi.

Baadaye nilisoma maisha ya Abdulla, na ndipo nilipotaka kukisoma kitabu chake cha kwanza. Alizaliwa Makunduchi 1918. Kabla ya uandishi alikuwa mkaguzi wa afya, kwa muda wa miaka kumi. Hebu fikiri kazi ya mkaguzi wa afya katika miaka ya arubaini: anabisha hodi, anaingia uani, anatazama mtungi wa maji, anatazama shimo la choo, anainama chini ya ngazi kutafuta viluwiluwi vya mbu. Mwenye nyumba anamwambia hapa pote safi, naye anaitikia kwa adabu huku macho yanatafuta kopo lililosahauliwa nyuma ya kuni. Mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka kumi haoni nyumba tunavyoiona sisi. Watu husema Bwana Msa ametokana na Sherlock Holmes, na ni kweli, kiko kinasema wazi. Mimi naona nusu yake ya pili imetoka kwenye idara ya afya.

Mwanzoni mwa kitabu kuna maiti. Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, amekutwa ameuawa, na mahali penyewe ni kwenye mzimu, pale watu wa kale wanapotambikiwa. Zaidi ya hapo sitaeleza, maana huenda anayesoma haya hajakisoma, na mimi mwenyewe bado sijui.

Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza, nilitarajia shangazi atashituka. Bumbwini alikokulia kulikuwa na mizimu yake, na aliwahi kupelekwa utotoni na bibi yake, wakabeba ubani na yai na kipande cha kitambaa cheupe. Hakushituka. Alisikiliza mpaka mwisho wa sura, akaomba kahawa, kisha akasema, "Si mzimu huo."

Nikamwuliza kajuaje.

"Mzimu ukimtaka mtu humpa homa. Humpoteza njia. Humtia wazimu akazungumza peke yake. Maiti ya kuuliwa ni kazi ya mtu."

Nimelifikiri jibu hilo kuliko sura yoyote ya kitabu. Bwana Msa haamini mizimu, na mwandishi ameijenga riwaya yake juu ya hilo: watu wanaogopa, wanasema wazee wamekasirika, naye anakuja na akili yake na macho yake. Msomaji wa leo, na hasa mwalimu kama mimi, anasimama upande wa Bwana Msa tangu ukurasa wa kwanza na anawaona wale wengine wote wajinga. Lakini shangazi aliwaondoa mizimu kwenye shaka kwa kutumia sheria za mizimu wenyewe. Hakuhitaji kuacha kuamini ili afikiri sawasawa. Tangu usiku ule nimekuwa nikiwasoma wale watu wa kitabuni wanaoogopa kwa heshima zaidi. Siwapi sauti ya kutetemeka tena. Nawapa sauti ya mtu anayezungumza jambo analolijua.

Kuhusu sauti ningependa kusema zaidi, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Riwaya hii imejaa mazungumzo. Nilipokuwa nikiifungua tu peke yangu, kabla hatujaanza, niliogopa. Niliona kurasa na kurasa watu wanasemezana, nikasema hawa wazee watalala. Kumbe imeandikwa kwa ajili ya sikio. Mwandishi alipoacha kazi ya afya aliingia magazetini. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa Zanzibari, baadaye akafanya kazi Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na tangu 1958 mpaka 1968 alihariri jarida la Mkulima. Magazeti ya Unguja ya miaka ile yalisomwa kwa sauti barazani, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza na finjani zao mkononi. Sentensi zake zinajua pumzi inaishia wapi. Nikisoma kwa macho naona maneno mengi. Nikisoma kwa sauti hakuna hata moja la kuondoa. Anamwacha mtu azungumze mpaka achoke, halafu palepale alipochoka ndipo linapomponyoka jambo.

Mimi kila mhusika nimempa sauti yake. Bwana Msa nimempa taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Najum, rafiki yake, nimempa ya juu kidogo, kwa sababu yeye ndiye anayeuliza tunayotaka kuuliza sisi. Inspekta Seif nampa ya ofisini. Ugumu unakuja kwa wale wengine, wale ambao kila mmoja wao anaweza kuwa muuaji. Hao wote nawasomea kwa ukarimu uleule. Nisimkwaruzie sauti yule nisiyempenda, nisimlainishie yule ninayemwonea huruma. Ni taabu kuliko inavyoonekana, maana wasikilizaji hawa wananichunguza mimi kama wanavyokichunguza kitabu. Nikikohoa, wanatazamana. Nikisita kugeuza ukurasa, mamdogo anasema, "Ehee, kuna kitu hapo." Ilinibidi niache kunywa maji katikati ya mazungumzo ya washukiwa. Wakati wa baridi tunazima kiyoyozi ili shangazi asikie vizuri. Joto likianza tunakiwasha nami inanibidi nipandishe sauti, na sauti iliyopanda haifichi siri vizuri. Nataka tumalize kabla ya Mei.

Mamdogo ana njia yake ya kupeleleza. Yeye ni mtu wa mirathi. Baba yake alikuwa mtu wa kuombwa kugawa urithi katika mji wao, na yeye binti alikaa mlangoni akisikiliza mpaka hesabu zikamwingia. Kila anapotajwa jamaa wa marehemu, mamdogo anahesabu kwa vidole: mke thumuni ikiwa marehemu ana mtoto, robo ikiwa hana, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, hakuna mtoto, basi ndugu wanaingia. Mwanzoni nilidhani anatupotezea wakati. Kisha akatukumbusha jambo ambalo sote tunalijua na hakuna aliyelitumia: katika sheria yetu, muuaji hamrithi aliyemuua.

"Sasa," akasema, "anayeua kwa ajili ya mali ya jamaa yake, kujificha kwake si kwa kuogopa kamba peke yake. Akijulikana tu, anakosa na mali. Kwa hiyo mtafuteni mtu ambaye mizimu inamfaa."

Mjukuu wangu akasimama kabisa. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri, kukizungumza anakizungumza kwa kuchanganya na Kiarabu, na kukisoma hajui. Kwake hiki ni kitabu cha sauti ya bibi. Lakini upelelezi anaujua kuliko sisi sote, kwa sababu amekua na Conan, yule mpelelezi mtoto wa katuni za Kijapani anayezungumza Kiarabu kwenye Spacetoon. Alitueleza, kwa heshima na kwa mkono wa kufundishia, kwamba kwenye Conan huwa hawamkamati mtu kwa kuwa tu ana sababu ya kuua. Sababu kila mmoja anayo. Wanamkamata kwa nafasi: nani aliweza kuwepo pale, saa ile, bila kuonekana.

Nikamwambia kwamba Conan alipewa jina la Conan Doyle, Mskoti aliyemleta Sherlock Holmes duniani mwaka 1887, na kwamba Bwana Msa naye amefuata nyayo zake. Kwa hiyo mzee wa Unguja mwenye kiko na mtoto wa Tokyo mwenye miwani wana babu mmoja. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyegundua ana jamaa asiyemjua. Tangu siku ile hamwiti Bwana Msa kwa jina, anamwita "jamaa yetu".

Yapo mambo ambayo mtazamo wangu juu yake umebadilika tangu tuanze, na kubwa ni juu ya huyo jamaa yetu mwenyewe. Kurasa za mwanzo alinichosha. Anajua kitu na hasemi. Najum anauliza, anajibiwa kwa swali. Inspekta anataka habari, anapewa fumbo. Nilisema moyoni, huyu anajionyesha. Lakini kadiri tulivyoendelea niliona kwamba kunyamaza kwake kunawapa wengine nafasi ya kusema, na wanasema sana. Mtu anayenyamaza mbele ya Waswahili ameweka ndoano. Hatuwezi kuuvumilia ukimya, lazima tuujaze. Mwandishi alitujua vizuri. Sasa naisoma sauti yake ile ya taratibu kwa raha, na nikifika pale anapovuta kiko bila neno, nami nanyamaza kidogo, na hapo sebuleni kwangu wote wanne wanaanza kuzungumza kwa pamoja.

Hata hivyo simwamini kwa yote. Kitabu chake cha mwisho, cha 1984, kinaitwa Kosa la Bwana Msa. Sijakisoma, lakini jina nalijua, na mtu akishajua kwamba mpelelezi huyu ameandikiwa kosa hawezi tena kumfuata amefumba macho. Nalo limenifanya msomaji bora. Anapoamua jambo, namwuliza: umejuaje?

Jambo jingine nililoliona nusu hii ni majina. Shaaban Robert, ambaye nilimsoma kwa miaka, alipoandika Kusadikika mnamo 1951 alimwita mtetezi wake Karama na waziri mwenye kumshitaki Majivuno. Kabla hawajafungua midomo umeshajua wa kumpenda. Ni uandishi mkubwa, nami sitaacha kuupenda. Miaka tisa baadaye, 1960, kinatoka kitabu hiki, kilichokuwa kimeshinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957 hadi 1958, na ndani yake watu wanaitwa Ali, Seif, Najum, majina ya watu unaoswali nao. Jina halikuambii kitu. Uso haukuambii kitu. Inabidi umsikilize mtu, umpime, ungoje. Kwa msomaji wa Kiswahili wa wakati ule hilo lilikuwa jambo jipya kabisa, kuachiwa kazi ya kuhukumu mikononi mwake, na asipewe hukumu yake mpaka mwisho.

Yule jirani yetu wa Bujumbura hakusema mengi mwanzoni. Mizimu ya Unguja haijui, mashamba ya karafuu hajayaona, akatusikiliza tukibishana juu ya njia za Bumbwini. Halafu usiku mmoja, tulipokuwa tumeshafunga kitabu na watu wanatafuta viatu, akauliza: "Nani alikuwa wa kwanza kusema ni mizimu?"

Hakuna aliyekumbuka. Mimi msomaji sikukumbuka.

"Maana kule kwetu," akasema, "uvumi una mwenyewe. Ukimpata wa kwanza kuusema, umempata anayeutaka."

Sikufungua kitabu kurudi nyuma kutazama, ingawa nilitamani, na yeye mwenyewe alinizuia. Alitaka tulichukue hilo swali mbele, kila mtu alibebe. Na nusu hii ya kitabu ninaisoma kwa sikio lake. Kila mtu anaposema "watu wanasema", ninasimama moyoni: watu gani?

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nitake kuandika.

Tulikuwa kwenye sehemu ya mahojiano. Bwana Msa anakwenda huku na huku, anauliza, anarudi kwa mtu aliyekwisha kumwuliza na kumwuliza tena. Mimi nilikuwa naona sehemu ile imerefuka, nikawa naisoma kwa kasi kidogo. Shangazi akaniambia, "Pole pole." Nikapunguza. Baada ya muda akasema, kwa sauti yake ya kawaida, finjani mkononi, "Bwana Ali huyu ana bahati. Kapata mtu wa kuuliza."

Kaka yake alitoka nyumbani Januari 1964 na hakurudi. Hakuna aliyekuja kuhoji, hakuna inspekta, hakuna kaburi analolijua. Mimi nimelijua hilo maisha yangu yote, kama watoto wa familia kama yetu wanavyolijua, yaani kwa kuona ni mlango upi wa mazungumzo usiofunguliwa. Usiku ule aliufungua kwa ajili ya mtu wa kitabuni. Alitusimulia kanzu aliyovaa. Alitusimulia kwamba mama yao kwa miaka alikuwa akiuliza kila mgeni, na wageni wakajifunza kutokuja. Mjukuu wangu alikuwa hajapata kusikia kwamba alikuwa na babu huyo.

Kitabu kilitoka miaka minne kabla ya mambo hayo. Mwandishi hakuyaandikia, na sitaki kumbebesha. Lakini nadhani najua kwa nini yeye, kuliko mwandishi mwingine wa visiwani, alituachia kitu kinachoweza kulibeba jambo hilo. Tazama tena magazeti aliyoyafanyia kazi. Al Falaq ilikuwa ya Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu ilikuwa sauti ya upande wa Waafrika. Magazeti yale yalitupiana maneno makali, na kwenye baraza za mji kusoma hili au lile kulikuwa kumeshakutaja wewe ni nani. Huyu alipita vyumba vyote viwili, akasahihisha maandishi ya hawa na ya wale. Akatoka huko akaandika riwaya ambamo kila mtu anasikilizwa mpaka mwisho, tajiri na mtumishi, anayeamini na asiyeamini, na hakuna anayehukumiwa kwa alikotokea. Anahukumiwa kwa alichofanya, baada ya kuulizwa. Katika Unguja ya 1958 huo haukuwa mchezo wa kubuni tu. Nafikiri alikuwa anatuonyesha namna ya kukaa na shaka bila kumrukia jirani.

Kwa hiyo naipenda hii nusu kuliko nitakavyoupenda mwisho, hata mwisho ukiwa mzuri. Hapa katikati bado kila mtu ana haki ya kuwa hakufanya. Wapo wanaosoma riwaya za upelelezi kwa ajili ya kurasa mbili za mwisho, wakapitia juu juu haya mahojiano na mazungumzo. Wanakosa kitu. Mahojiano ndiyo kitabu chenyewe, na sebuleni kwangu ndiyo yaliyomfungua mdomo mwanamke aliyepindukia miaka themanini.

Binti yangu anaturekodi kwa simu na kuwapelekea jamaa walioko Unguja, Dar es Salaam na London. Wanaandika shaka zao. Yupo binamu yangu mmoja Dar es Salaam ambaye kitabu amekwisha kukisoma zamani, na kila akisikia tunavyobishana anatuma alama ya kicheko bila neno, jambo linalomtia mamdogo hasira za kweli. Amemwonya kwamba akiteleza, hatakanyaga nyumba yake mpaka kufa.

Mimi nami nina mtu ninayemshuku. Sikumshuku mwanzo, nilimpenda, na bado nampenda. Mamdogo anamshuku mwingine, kwa hesabu ya urithi. Mjukuu ana wake, kwa hesabu ya nafasi, na amechora ramani nyuma ya daftari la hisabati. Jirani yetu hasemi, anangoja nimfikie mtu wa kwanza kusema mizimu. Shangazi anasema yeye hana haja ya kumjua sasa hivi, muhimu ni kwamba huyu bwana aendelee kuuliza, nisimruke hata mtu mmoja, na nisome pole pole. Sura inayofuata inaanza na yule ninayemshuku mimi akizungumza. Hilo niliona bila kukusudia nilipokuwa nachomeka karatasi. Nitampa sauti ileile niliyompa tangu mwanzo.